Aliyeketi Naye Kajibu

"Aliyeketi naye kajibu." Nimeyasema hayo kwa sababu ya Twalibu, aliyekuwa akiicheka redio. Redio imesema Waisraeli na Wapalestina wameulizwa wanataka ugomvi wao uishe vipi: dola mbili jirani, au nchi moja ya wote? Wengine wamechagua hili, wengine lile, na wengine wamekataa kuchagua. Twalibu akadakia, "Hao hawana msimamo!" Msimamo! Wewe uliyeshindwa jana kuchagua kati ya mahamri na chapati ukala vyote! Nilipokujibu kwa methali, nyote mkataka kujua imetoka wapi. Haya, zimeni hiyo redio. Imetoka huku huku kwetu, bondeni, na mwanamke aliyeisema kwanza aliitwa Habona.

Habona alikuwa mkulima wa Kaumbwa, kijiji cha migomba na mpunga ukingoni mwa mto. Nyuma ya mashamba, kwenye malisho, walikaa wafugaji wa Hara. Ng'ombe wa Hara walishuka kunywa maji kwa njia moja tu, iliyopita kati ya mashamba, na kwa njia hiyo hiyo wanawake walibadilishana vyakula: ndizi na unga vikapanda, maziwa yakashuka. Kila nyumba ya Kaumbwa ilikuwa na nyumba rafiki kule Hara. Rafiki wa Habona aliitwa Talaso.

Kisha watu wakaanza kuuana. Nani alianza? Ukiuliza Kaumbwa, utaambiwa Hara waliingiza ng'ombe kwenye mpunga. Ukiuliza Hara, utaambiwa Kaumbwa walilima mpaka wakaila njia ya ng'ombe. Kila upande una makaburi yake na unayalilia hayo tu. Mume wa Habona yumo katika makaburi ya huku, na kaka yake Talaso yumo katika yale ya kule.

Mwaka huo binti wa pekee wa Habona alifariki akijifungua, akaacha kichanga, Dawe. Pale kijijini hapakuwa na mama anyonyeshaye wa kumsaidia, wala mbuzi wa maziwa. Kilichomweka mtoto yule duniani ni kibuyu cha Talaso kilichoshuka kwa ile njia kila asubuhi. Naam, Talaso, aliyeuliwa kaka na watu wa Kaumbwa! Msiniulize aliupata wapi moyo huo, maana hata mimi sijui.

Ndipo wakaja wapatanishi kutoka mjini. Hawakuwa watu wabaya, sitaki kuwasingizia. Ila walikuwa na haraka. Mkubwa wao, bwana mmoja mwenye kofia pana, akachimbia nguzo mbili uwanjani. Watakaosimama kwenye nguzo ya kwanza wanataka bonde ligawanywe, ua wa miiba upite katikati na njia ifungwe, ili mtu asimguse mwenzake. Watakaosimama kwenye ya pili wanataka bonde liwe moja, chini ya mzee mmoja. Mzee yupi? Hilo, akasema, litatazamwa baadaye. Lo! Kila mwenye akili alijua litatazamwa kwa mishale.

Mzee Komora, mkuu wa Kaumbwa, alitaka ua. Mzee Guyo, mkuu wa Hara, alitaka bonde moja, na huyo mzee mmoja awe yeye. Kila mmoja alikwisha kumwambia yule bwana, "Watu wangu wote wanasema kama mimi." Wote! Na hakuna hata mlango mmoja waliokuwa wamebisha hodi kuuliza.

Kwa Habona, Komora alibisha asubuhi ya baraza, lakini hakwenda kuuliza. Alikuwa ndugu wa marehemu mumewe, basi akasema kama mwenye nyumba.

"Shemeji, leo utasimama nasi nguzo ya kwanza. Mkumbuke mumeo."

"Namkumbuka. Njia ikifungwa, Dawe atakunywa nini?"

"Tutatafuta."

"Mtatafuta wapi, shemeji?"

Komora akakohoa. Akasema shamba lile Habona analilima tu, mwenyewe alikuwa nduguye, na mali ya ukoo hurudi kwa ukoo. Akaenda zake.

Barazani, bwana mwenye kofia alitoa amri na watu wakaanza kujikokota, Kaumbwa kwenye nguzo ya kwanza, Hara kwenye ya pili. Habona alikwenda nao, mtoto mgongoni. Kila hatua ilimchoma. Alipofika katikati ya uwanja, miguu ikamgomea, au yeye ndiye aliyeigomesha. Akaketi chini, papo hapo juani.

"Mama," yule bwana akasema kwa upole, "kama hukuelewa, nitarudia."

"Nimeelewa sana, baba. Nguzo ile itamwua mjukuu wangu kwa njaa, na ile itamwua kwa vita. Unaniuliza nataka afe kifo gani. Sitaki hata kimoja."

"Basi hujajibu. Siwezi kukuhesabu."

Hapo Habona alipandwa na hasira. "Hunihesabu? Nimeketi mbele yako mchana kweupe na mtoto mgongoni, unaniambia sijajibu? Aliyeketi naye kajibu!"

Komora akaja mbiombio. "Inuka, mwanamke! Unatuaibisha! Inuka, ama shamba linarudi leo hii!"

"Lichukue. Lakini mimi siinuki. Ukitaka ninyanyuke, ninyanyue mwenyewe."

Mkono wa Komora ukaishia hewani. Kwao, mwanamume kumkamata mjane wa nduguye mbele ya watu ni aibu asiyoweza kuiosha mpaka anakufa, na Habona alilijua hilo vizuri. Akamtazama tu, hata kope hakupepesa.

Upande wa pili Talaso alikuwa amesimama na kibuyu chake, maana asubuhi ile walinzi wa Guyo, waliowekwa ili mtu wa Hara asishuke Kaumbwa kabla ya baraza, walikuwa wamemrudisha njiani. Akatoka mstarini. Guyo akamwita mara ya kwanza, akamwita tena kwa jina la baba yake. Talaso hakugeuka. Aliketi ubavuni mwa Habona, akampokea mtoto, akaanza kumnywesha mbele ya wote. Dawe alikuwa na njaa, akanywa kwa pupa mpaka maziwa yakammwagikia kifuani.

Mwanamke mmoja wa Kaumbwa akaja akaketi. Akaja mzee wa Hara mwenye fimbo, akasaidiwa kuketi. Kisha wakaja kwa makundi, vijana kwa wazee, wa huku na wa kule, hata ikawa vigumu kujua nani wa wapi. Waliobaki wima ni Komora, Guyo na wapambe wao wachache.

Bwana mwenye kofia alizitazama nguzo zake. "Basi mlitaka niwaulize nini?"

"Tuulize habari ya njia," akasema Habona. "Sema hivi: asimame anayetaka njia ifungwe, mtoto huyu akose maziwa."

Yule bwana akayasema hayo, kwa sauti, kama alivyoambiwa. Hakuna aliyeinuka. Lakini watu wote wakageuka kuwatazama waliokuwa wamesimama tayari. Komora akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaikusanya kanzu yake nyeupe, akaketi mavumbini. Guyo akafuata.

Nisiwadanganye, ugomvi wa ardhi haukwisha siku ile. Shamba nalo Komora alilichukua kweli, na Habona akaenda kulima kwa wajomba zake. Lakini njia haikufungwa, na Dawe alikunywa maziwa mpaka akaota meno.

Sasa wewe Twalibu, mimi sisemi kwamba msiba wa Wapalestina na Waisraeli ni mdogo kama bonde letu, wala sijui wale waliokataa kuchagua wanataka nini. Na wewe hujui! Usiniambie hawana msimamo kabla hujajua waliulizwa nini, na nani aliyewauliza. Aliyeketi naye kajibu.