Makomamanga ya Bwana Fisi

Hapo zamani za kale, na nyinyi wa huko nyuma acheni kusukumana maana hii si ya kuchekesha, Pimbi alikaa mtaa mmoja na Fisi. Pimbi mnamjua? Mdogo, mkia hana, anakaa kwenye mawe. Alikuwa mjane mwenye watoto wawili.

Mwaka huo kikohozi kikaingia mtaani. Kho! Kho! Kho! Mchana kutwa. Dawa yake kila mtu aliijua: unachemsha ganda la komamanga, unampa mtoto maji yake na asali kidogo. Lakini mkomamanga ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa uani kwa Fisi.

"Hodi, Bwana Fisi. Mwanangu anakohoa. Nipe komamanga moja, hata ganda tu."

"Pole sana, jirani. Bado mabichi."

Mabichi gani, na yalikuwa yanapasuka mtini kwa kuiva?

Mtoto wa kwanza akafa. Fisi alifika msibani kabla ya wote, akashika jembe, akachimba kaburi mwenyewe, tena la kina kifupi. Watu wakamsifu. Kesho yake Pimbi akakuta kaburi li wazi, sanda imechanwa, na nyayo akazitambua. Akafukia huku analia, hakumwambia mtu. Nani angemwamini?

Kisha Kidawa, binti aliyebaki, naye akaanza kukohoa. Pimbi akarudi kwa Fisi.

"Bado mabichi," Fisi akasema, anameza mate. "Ila likitokea la kutokea, niite. Kuchimba nitachimba mimi."

Hapo Pimbi akajua jirani yake anangoja nini. Akamficha Kidawa ndani kabisa ya mwamba, akakata kipande cha mgomba, akakifunga sanda, akapiga yowe. Wala yowe halikuwa la uongo, wanangu. Alikuwa anamlilia yule wa kwanza.

Majirani wakaja, Fisi mbele na jembe lake. Kwa! Kwa! Kwa! Wakazika. Jua lilipoinama Fisi akaaga, eti mgongo unamuuma, akaenda kujibanza kichakani karibu na kaburi. Pimbi naye akatokea mlango wa nyuma, akaukwea mkomamanga, akajaza kikapu.

Asubuhi watu wa matanga walikuwa wanakunywa uji Fisi alipoingia, kucha zimejaa udongo.

"Mwongo wewe! Umenizikisha mgomba!"

"Mgomba gani, Bwana Fisi?"

"Uliokuwa ndani ya sanda!"

Pimbi akaweka bakuli chini. "Sanda niliifunga peke yangu, mlango nimeufunga. Kaburi ulilifukia wewe, watu wote wanatazama. Huo mgomba umeuona lini?"

Watu wakaziangalia kucha zake. Mzee Kobe, mkubwa wa mtaa, aliyezika wajukuu wawili mwaka huo huo, akauliza polepole:

"Na wale wangu?"

Fisi alirudi kinyumenyume mpaka mlangoni, akatimua mbio, na mtaani hakukaa tena. Kidawa alikunywa dawa siku saba, akapona. Kaka yake ndiyo basi tena.

Lishikeni hilo moja, wanangu: anayengoja msiba wa jirani, siku moja atajisema mwenyewe.