Kura ya Mchungaji Pellew

Wapo watu wanaoamini kwamba wema wao utajitangaza wenyewe, wao wakae kimya tu. Hao ndio waliolengwa na wahenga waliposema mwenye haya hazai: anayeona soni kudai kilicho chake hukikosa huku anakiona.

Mchungaji Josiah Pellew alikuwa mtu wa namna hiyo. Kwa miaka kumi na tisa alikiendesha Chuo cha Mtakatifu Osweni, huko Uingereza, kwa jasho lake, huku mkuu wa chuo akila na kulala. Mkuu huyo alipofariki dunia, mwaka 1853, walimu saba, wote makasisi, walikusanyika kanisani kumchagua mrithi. Wagombea walikuwa wawili kati yao, Pellew na Mchungaji Ambrose Thackwell, aliyekwisha kuapa kuwafukuza wana wa wafumaji waliosomeshwa bure. Pellew mwenyewe alikuwa mwana wa mfumaji.

"Watatu tuko nawe, wawili wako naye," mzee Hesketh alimnong'oneza mlangoni. "Jipigie kura, bwana, mambo yaishe."

"Nijichague mwenyewe? Desturi ya waungwana ni mgombea kumpigia mwenzake. Thackwell atanipigia, nami nitampigia."

"Thackwell huyu ninayemjua mimi? Haya, muungwana wangu. Tutaona kama uungwana unaliwa."

Ndani, Pellew alishika kalamu. Alitaka kuandika jina lake, alitaka mno. Uso ukamwiva kwa aibu, akaandika la Thackwell.

Hesketh, aliyewazidi wote umri, alisoma karatasi mojamoja. Pellew. Thackwell. Thackwell. Pellew. Pellew. Thackwell. Zikawa tatu kwa tatu. Hesketh aliikunjua ya saba, akautambua mwandiko wa rafiki yake.

"Thackwell," akasema.

Mshindi alimjia Pellew na kumpa mkono. "Pole, ndugu yangu. Ulitegemea nikupigie?"

"Nilitegemea."

"Nami nilitegemea hivyohivyo kwako. Ndiyo maana sikuwa na wasiwasi."

Wiki haikwisha, wana kumi na mmoja wa wafumaji wakafukuzwa. Barua zao aliziandika Pellew, kwani ndiyo iliyokuwa kazi yake chuoni, na alizitia sahihi zote huku akilia. Sifa zote za ukuu alikuwa nazo, ila siku ya kura alishindwa kuandika jina lake mwenyewe. Hakika, mwenye haya hazai.