Tarumbeta la Alfajiri ya Pasaka

Hapo zamani, ila si zamani ya kunifanya nisahau, palikuwa na mpiga tarumbeta katika ushirika wetu kule Rungwe, Mzee Ambindwile. Sisi Wamoravia tuna desturi yetu. Alfajiri ya Pasaka tunakwenda makaburini, tunasimama katikati ya wafu wetu, na kabla jua halijatokeza tarumbeta moja linaanza peke yake kuwaambia kwamba Bwana amefufuka. Mengine hufuata. Kwa miaka arobaini lililoanza lilikuwa la Mzee Ambindwile. Sasa mwaka ule, Kwaresima imeanza tu, kiharusi kikamwangusha shambani, akalala bila kusema neno.

Mzee alikuwa na watoto watatu, na wote watatu aliwafundisha kupiga. Msije mkaniambia baadaye kwamba fulani hakujua.

Wa kwanza, Tupokigwe. Huyo alikataa katakata kusikia habari ya kifo. Majirani walikuja na sura za msibani, akawarudishia mlangoni. Alimgeuza baba yake ubavu huu na ubavu ule, alimwogesha, alimnywesha uji kwa kijiko, funda moja dakika nzima kushuka. Wazee wa kanisa walipomshauri awaite ndugu wakae tayari, aliwajibu kwamba Mungu akimtaka baba nyumba anaijua, hahitaji msaada wa kupiga hodi. Mimi jirani yao nilisaidia kufua yale mashuka, na nawaambia yule mwanamke alikonda.

Wa pili, Anyosisye, seremala. Huyu naye, jamani! Baba amelala, yeye kaingia na kamba ya mgomba, kampima kutoka utosini hadi kisiginoni, katoka. Alikuwa na mbao za mninga alizoweka kwa ajili ya kitanda chake cha harusi. Akazichukua hizo hizo akaanza kutengeneza jeneza, nyuma ya nyumba, mchana kweupe, mgonjwa angali anapumua. Tupokigwe aliikuta ile kamba akaitupa motoni. Anyosisye akasema vipimo anavyo kichwani, na kwamba anayeamini baba yake atafufuka haoni haya kumtengenezea mahali pa kungojea. Wiki mbili hawakusalimiana.

Basi, Jumapili ya Mitende Mzee akafumbua macho akaomba uji. Nilikuwepo. Akauliza ni nani anayegonga misumari. Akataka abebwe akaone, tukambeba, Tupokigwe analia kwa hasira. Mzee akalitazama jeneza lake juu mpaka chini, kisha akasema, "Anyosisye, mabegani umenipunja."

Ulimi ulikuwa mzito lakini tulimsikia, na tulicheka mpaka tukaona aibu. Hapo ndipo akamgeukia mkewe. "Tarumbeta," akamwambia, "mpe yule aliyemwachia Mungu saa yake." Tukamrudisha kitandani, na hakusema tena.

Wa tatu, Lusajo, kitinda mimba, alikuwa anafanya kazi mbali kwenye mashamba ya chai. Alifika Alhamisi Kuu. Akaikuta pumzi ya baba inakwaruza, na dada yake kaushika mkono wa mgonjwa kwa mikono yake yote miwili, anaomba bila kituo. Ijumaa Kuu, saa tisa alasiri, alimwomba dada asogee kidogo. Akapiga magoti, akasema sikioni mwa baba, "Baba, kazi umeimaliza. Nenda. Tutaonana asubuhi ile."

Mzee akavuta pumzi mbili. Ya tatu haikuja.

Tupokigwe alimwambia mdogo wake maneno mengi, mengine siyarudii hapa. Kwa kifupi, kwamba amemfukuza baba. Jeneza lilikuwa tayari, mabegani limeshaongezwa, kwa hiyo Jumamosi tukazika.

Alfajiri ya Pasaka tukawa makaburini. Ukungu, umande mpaka magotini, udongo wa Mzee bado mbichi. Mama yao amelishika tarumbeta limefungwa kwenye kanga, wapigaji wengine wanangoja. Watoto watatu mbele yake, na hakuna aliyelegea.

Tupokigwe akasema, "Sikukipa kifo hata siku moja kabla Mungu hajasema. Bila mimi, neno lake la mwisho msingelisikia."

Anyosisye akasema, "Mimi nilikitoa kitanda changu cha harusi. Bila mimi Baba angekuwa chumbani saa hizi, wenzake wanaamkuliwa, yeye hayupo."

Lusajo akasema, "Dada alishika mkono, Kaka alishika nyundo. Mimi ndiye niliyeachia."

Anyosisye akamkatiza: ni rahisi kuachia ulichokibeba siku moja. Lusajo akamuuliza, na yeye aliyempima mtu hai, hakuwa anamharakisha Mungu? Na Dada je, alikuwa anamngoja Mungu au anamzuia? Tupokigwe akamtazama usoni. "Na wewe, Lusajo, ulimwamini Mungu, au ulichoka kumsikia Baba akikwaruza?" Lusajo akainama, lakini hakurudi nyuma.

Mchungaji alitaka kusema wapokezane. Mama akamnyamazisha kwa mkono. Mumewe alisema mmoja, na mmoja ndiye atakayepiga.

Kule mlimani kukaanza kuwa kwekundu. Tangu tuanze kuzika wafu wetu pale, jua halijawahi kuwakuta hawajaambiwa. Mama akaifungua kanga, akalinyoosha tarumbeta mbele ya wale watatu.

Haya, mimi niliyoyaona ndiyo hayo. Msinijibu kwamba wote, maana pumzi ya kwanza ni ya mtu mmoja, na msiniambie mnakwenda kufikiria, maana jua linatoka na Mzee yuko chini pale anangoja. Je, kati ya aliyeshika, aliyeandaa na aliyeachia, ni nani aliyemwachia Mungu saa yake?