Mrija wa Mkaguzi Kifaru

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanajenga nyumba na kugombana na majirani kama sisi tu, palikuwa na Nguchiro mmoja mjane, jina lake Namalwa. Alikuwa mdogo, mwepesi wa miguu, na mdomo wake haukujua kulala. Kazi yake ilikuwa kupika pombe, na kwa pombe hiyo alilisha watoto wanne.

Msitu ule ulikuwa na sheria zake. Mpika pombe lazima awe na leseni, nayo ilikuwa kipande cha gome la mti kilichopigwa alama ya mguu wa Kifaru. Chungu hakifunguliwi kabla ya saa kumi alasiri. Na mtoto hauziwi, hata akilia machozi ya damu.

Sheria nzuri, sivyo? Nzuri kabisa! Ila aliyezisimamia alikuwa Mkaguzi Kifaru.

Siku moja Namalwa alikuwa anachuja kimea, mara akasikia ti! ti! ti! Kabla hajageuka, Kifaru alikwishaingia uani na kupiga teke chungu. Pwaa! Pombe yote chini.

"Yallah! Mheshimiwa, kosa langu nini?"

"Hiyo ni siri ya ofisi."

"Lakini leseni ninayo! Hii hapa!"

"Nimesema siri ya ofisi! Ijumaa narudi kuvunja hicho kingine, na leseni yako naichukua."

Ti! ti! ti! Akaenda zake. Namalwa alibaki na chungu kimoja tu duniani. Alikaa chini akalia, wanangu, alilia kweli, maana bila leseni watoto wake wangekula nini? Mawe?

Kilichomuuma zaidi ni kwamba kule mtoni Nyati alikuwa anauza tangu jogoo la kwanza. Leseni hana. Watoto wa Punda Milia walitoka kwake asubuhi wakipepesuka, hadi mmoja akatumbukia mtoni, chubwi! Akaokolewa na Kobe kwa bahati. Lakini chungu cha Nyati hakikuguswa hata siku moja.

"Hapa pana jambo," akasema Namalwa. Akapangusa machozi, akaenda mtoni, akachungulia penye tundu la ua wa Nyati.

Fyooo! Fyooo! Nani yule anayefyonza pombe kwa mrija mnene asubuhi yote hiyo? Mkaguzi Kifaru mwenyewe, macho kayafumba kwa utamu!

Namalwa alitaka kupiga kelele, akajizuia. Nani angemwamini Nguchiro mbele ya Kifaru? Akirudi na majirani, Kifaru atakuwa ameshaondoka. La, hili lilitaka akili.

Kesho yake akaenda ofisini kwa Mkaguzi, akapiga magoti.

"Mheshimiwa, nimekuja kukuonea huruma."

"Wewe? Unihurumie mimi?"

"Naam. Wanasema huko nje eti hufanyi kazi. Eti unalala tu."

"Nani kasema?" Kifaru aliruka juu hadi kiti kikavunjika, kacha!

"Wanasema kwa sababu hawaoni, baba. Unafanya kazi kubwa peke yako, nani akusifu? Ungepita nyumba kwa nyumba, ngoma mbele, wanyama wote nyuma, na kila chungu ukakitolea hukumu kwa sauti hiyo yako nzito, nani angethubutu kufungua mdomo tena?"

Kifaru alijisikia mkubwa kuliko mlima. "Ngoma mbili!" akasema. "Ijumaa waje wote!"

Ijumaa saa tatu asubuhi, msitu mzima ulikuwa barabarani. Tindi! tindi! Wakaanzia kwa Namalwa. Kifaru akainua mguu.

"Samahani, Mheshimiwa," akasema Kobe, "leseni hana?"

"Anayo hapa, tunaiona!" wakasema Swala.

"Kafungua kabla ya saa?"

"Chungu kimefungwa, kimefungwa!"

"Kauzia watoto?"

"Hata siku moja!"

"Sasa kosa lake nini, Mheshimiwa?"

Kifaru akashusha mguu. Ile "siri ya ofisi" hakuthubutu kuitamka, maana macho mia mbili yalikuwa yanamtazama. "Aaa... hana kosa," akanung'unika.

"Kwa Nyati sasa!" akapaza sauti Namalwa.

"Leo jua kali. Nyati nitamshughulikia mwenyewe, ofisini..."

"Mkaguzi wetu hajui kuchoka! Pigeni ngoma!"

Tindi! tindi! tindi! Wakamsukuma kwa vigelegele hadi mtoni. Nyati alikuwa amekaa na chungu chake wazi, watoto wawili wa Punda Milia wamejilaza pembeni hoi. Mama yao alipowaona alipiga ukunga.

"Bwana mkubwa!" Nyati akashangaa. "Mbona leo umekuja na..."

"Nyamaza! Mimi na wewe hatujuani!" akanguruma Kifaru. "Wananchi, huku sijawahi kukanyaga. Ningejuaje? Leo chungu hiki nakivunja!"

"Kivunjwe!" akasema Namalwa. "Ila mila ni mila. Kwanza kila mnywaji achukue mrija wake."

Wanyama wakaitikia. Kwao wote walikunywa chungu kimoja kwa mirija mirefu, na kila mnywaji alikuwa na wake, aliourithi kwa baba au babu, akauacha ndani ya chungu anachonywea. Mrija ukichomwa, ni kama mwenyewe amezikwa: haitwi tena penye chungu chochote hadi afe kweli.

Basi Ngiri akachukua wake kwa aibu. Nyani akachukua wake. Ukabaki mmoja chunguni, mnene, mrefu, umezungushiwa shanga nyekundu.

"Wa nani huu?" akauliza Namalwa.

Kifaru aliangalia mawingu.

"Wa nani, jamani? Nauliza mara ya mwisho!"

Kifaru akazidi kuangalia juu.

"Basi hauna mwenyewe. Leteni moto!"

Akauchomoa, akausogeza kwenye makaa ya jiko la Nyati. Moshi ukaanza, fsss...

"Weee! Acha! Acha, Nguchiro!" Kifaru alirukia jiko kwa miguu yote minne. "Huo ni wa babu yangu!"

Kifaru akautazama mrija alioupokonya, akawatazama wanyama, na wanyama wakamtazama yeye.

"Kumbe ndiyo ile siri ya ofisi," akasema Kobe.

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi ng'ambo ya mto. Mama Punda Milia yeye hakucheka. Alikwenda akakivunja chungu cha Nyati kwa kwato zake mwenyewe. Kifaru akavuliwa ukaguzi palepale, na tangu siku ile hakuna chungu kilichovunjwa wala leseni iliyochukuliwa ila mchana kweupe, mbele ya wote, kosa likitajwa kwa sauti.

Namalwa alirudi kwake mbio. Saa kumi ilipokaribia, wateja walikuwa wameshapanga foleni.

Sheria ikitekelezwa nyuma ya ua humlinda mwenye nguvu. Ikitekelezwa uwanjani hutulinda sote.