Kibuyu cha Mwangusha-Ndovu

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa mtungi.
Mtungi wa nani?
Wa mwenye kiu. Na kibuyu je?
Cha mwenye nacho!

Haya, sogeeni. Aliye na sikio moja aazime la jirani.

Hapo kale, katika nchi kavu ya mtama na uwele, palikuwa na kijiji kiitwacho Makulungu. Humo aliishi mwanamume, jina lake Ndahani, na mkewe Mbeleje. Walikuwa na binti mmoja, Sechelela, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa kitoweo chao, ndiye aliyekuwa akiba yao, ndiye aliyekuwa heshima yao.

Mbeleje alikuwa mpika pombe. Pombe ya mtama, nzito, yenye povu la kupaka mashavu. Ukija na mzigo wa kuni, unakunywa. Ukija na kapu la mlenda, unakunywa. Ukija mikono mitupu na wimbo mzuri, unakunywa pia, ila kidogo. Watu walikunywa, wakaimba, wakaenda kulala. Hakuna aliyeuliza jina la pombe ile. Ilikuwa pombe tu.

Basi siku moja akatokea mtu na punda. Mtu mrefu, kofia ya manyoya, njuga miguuni. Jina lake Chibago. Punda alibeba vibuyu vidogo, kila kimoja kama ngumi ya mtoto. Chibago akasimama katikati ya kijiji, akatikisa njuga, akaimba:

"Hii si pombe ya kunywa,
hii ni pombe ya kuthubutu!
Mwoga, pita mbali!"

Watu wakakusanyika. Nani anataka kuitwa mwoga?

"Hiki ni nini?" akauliza mmoja.

"Hiki ni Mkia wa Nge. Kibuyu kimoja, kuku mmoja. Vimebaki vitatu tu duniani."

Kuku mzima kwa mafunda mawili! Watu wakacheka. Lakini jua halijafika utosini, vyote vitatu vimekwisha.

Mwezi uliofuata, njuga tena. "Hiki ni Teke la Punda. Kibuyu kimoja, mbuzi mmoja. Vimebaki vitatu tu duniani." Safari hii kibuyu kimefungwa shanga shingoni. Watu wakacheka, lakini wachache. Vikaisha.

Mwezi wa tatu, njuga tena. Na sasa, jamani, kibuyu kimevishwa ngozi ya nyegere, kichwa chake bado kipo, meno nje, macho ya kokoto. Watoto wakakimbia. Chibago akanong'ona, maana sasa hakuimba tena: "Huyu ni Mwangusha-Ndovu. Kibuyu kimoja, ng'ombe mmoja. Vimebaki vitatu tu duniani."

Hakuna aliyecheka.

Kumbukeni, kila mwezi vilibaki vitatu. Vitatu vikanunuliwa, vikabaki vitatu. Mmeelewa?
Hatujaelewa!
Hata mimi.

Mbeleje naye hakuelewa. Jioni akamwambia mumewe, "Baba Sechelela, wanaoinunua wanaionaje?"

"Niliwauliza watatu," akasema Ndahani. "Wa kwanza alisema inaunguza kama kaa la moto. Wa pili alisema ina harufu ya beberu. Wa tatu alinitazama tu, akasema, wewe huwezi kuelewa."

"Wakinywa huimba?"

"Hawaimbi. Wanafunga mlango, wanakunywa peke yao."

Mbeleje akakuna kichwa. "Yangu nyingi kwa bei ndogo, yake kidogo kwa bei kubwa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hiki kinajitembeza na bado watu wanakigombea. Labda akili yangu imezeeka."

Yangeishia hapo. Lakini Sechelela alikuwa ameposwa na Chilewa, kijana wa ng'ambo ya mto, mtoto wa Mzee Lugoha. Walipendana, siku ya harusi imepangwa. Zikiwa zimebaki siku nane, Mzee Lugoha akatuma mjumbe.

Mjumbe akasema, "Mzee anasalimu. Anasema amesikia kwenu kuna Mwangusha-Ndovu. Anasema wageni wake ni watu wa maana, hawatakunywa uji wa mtama. Anasema kama kibuyu hakipo mezani, hajui kama harusi ipo."

 Ndahani akamtazama binti yake. Sechelela alikuwa akisuka ukili, mikono imesimama.

"Baba," akasema, "kwani Chilewa anaoa kibuyu?"

"Mwanangu, sijui. Ila sitaki mtu aseme baba yako alishindwa."

Mbeleje akasema, "Mume wangu, usimtoe ng'ombe." Akasema tena, "Mume wangu, nakusihi." Mara ya tatu akageuka, akaingia ndani.

Asubuhi Ndahani akamfungua ng'ombe, akamfuata Chibago kijiji cha pili. Njiani ng'ombe alisimama mara tatu, kila mara akageuza kichwa nyumbani. Mara tatu Ndahani akamsukuma, huku machozi yanamtoka na yeye mwenyewe haelewi kwa nini analia ilhali amekwenda kununua heshima.

Akarudi na kibuyu. Akamwambia mkewe, "Usipike pombe. Pombe ipo."

"Kwa watu sitini?"

"Wanasema ni kali. Labda kila mtu atainusa."

Mbeleje hakupika. Alisonga ugali, akachinja kuku, akachemsha togwa ya watoto. Pombe hakuigusa. Mume amesema.

Siku ya harusi ikafika. Ngoma zikalia, wageni wakavuka mto. Mzee Lugoha mbele, fimbo mkononi, na nyuma yake dada yake mkubwa, Bibi Nyamwanji, mama mwenye sauti ya kuita mvua. Na nani mwingine yumo? Chibago! Amekuja na njuga zake, maana penye harusi pana wanunuzi.

Kibuyu kikaletwa juu ya kigoda. Nyegere akawatolea wageni meno. Watu sitini wakakitazama. Kibuyu nacho kikawatazama.

"Ndiyo hii?" akauliza Mzee Lugoha.

"Ndiyo hii, mkwe wangu," akasema Ndahani.

"Mbona…" akaanza Lugoha. Kisha akanyamaza, maana yeye ndiye aliyeitaka.

Ndipo Bibi Nyamwanji akasema, "Desturi ni desturi. Pombe isiyoonjwa na mwenyewe hainywewi. Nani ameipika?"

"Mimi nimeinunua tu, mama," akasema Ndahani. "Mwenye pombe yule pale."

Macho yote yakamgeukia Chibago.

"Aonje."

Chibago akacheka. "Bibi yangu, mimi nikionja, nyinyi mtabakiwa na nini?"

"Aonje."

"Bibi yangu, mimi tumbo linanisumbua leo."

"Aonje."

"Bibi yangu, muuza nguo havai mtumba wake."

"Lakini hatembei uchi," akasema Bibi Nyamwanji. "Onja!"

Chibago akachomoa kizibo. Akarudi nyuma hatua moja, njuga zikalia. Akapiga funda moja dogo. Kijiji kizima kikasogea.

"Vipi?" akauliza Bibi.

"Subirini."

"Vipi?"

"Inakuja."

"Vipi, wewe mtu?"

Chibago akawatazama, macho yamemtoka kama ya mtu aliyeamshwa nyumba ngeni. "Sijui," akasema. "Kweli kabisa, sijui. Ni mara yangu ya kwanza."

"Ya kwanza?!"

"Naichukua kwa mpishi mmoja, kule milimani. Anaichemsha, mvuke unapita kwenye mwanzi, matone yanadondoka, anachemsha tena matone. Bei yake ni kubwa. Ningeweza wapi kuinywa? Mimi nauza jina na manyoya. Nilidhani mnaojua ni nyinyi."

Kitanda usichokilalia, hujui kunguni wake. Lakini tazameni: muuzaji hajui, alidhani wanunuzi wanajua. Wanunuzi hawajui, walidhani muuzaji anajua. Sasa nani aliyekuwa akijua?
Hatujui!
Hata wao.

Mzee Lugoha akakasirika. Akanyakua kibuyu, akapiga funda la kiume. Akakohoa. Akashika shingo. Akakaa chini. Kisha akasema kwa sauti ya kutambaa, "Ni kali. Kweli ni kali. Siusikii ulimi wangu."

"Ni tamu?" akauliza dada yake.

"Nimekwambia siusikii ulimi."

Bibi Nyamwanji akachukua kibuyu, akaonja kwa ncha ya ulimi, akafikiri. "Si mbaya," akasema. "Ina kitu. Lakini mimi nimevuka mto na miguu hii kuja kumwimbia mtoto wa kaka yangu. Kitu hiki hakiimbiki."

Basi jua linawaka, watu wana kiu, pombe nyingine hakuna. Wageni wakaanza kufunga ndara miguuni, waende zao. Wengine wakamtazama Ndahani kama wanavyomtazama mtu aliyefiwa. Chilewa akamshika Sechelela mkono, naye Lugoha, ulimi mzito, akawa hajui aseme twende au aseme tukae.

Hapo Mbeleje akatoka jikoni. Mikono imejaa unga. Akaenda moja kwa moja kwa Chibago.

"Kaka, hiki kibuyu kina nguvu za mitungi mingapi?"

Chibago, mazoea yana tabu, akatikisa njuga: "Saba, mama! Mitungi saba!"

"Vizuri. Basi tuirudishe mitungini, ilikotoka."

Akawaita wanawake wenzake. "Kila mwenye togwa nyumbani, alete. Ya watoto wekeni kando kwanza." Ikaja mitungi miwili, ikaja minne, ikajaa saba. Mbeleje akakivua kibuyu ngozi ya nyegere, akaitundika uani. Kisha akapita mtungi kwa mtungi, tone tone, akikoroga kwa mwiko.

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mbeleje hakusifiwa na mtu siku ile, naye hakutia maji. Alitia watu.

Kata ikazunguka. Ikazunguka tena. Ikazunguka mara ya tatu, na Bibi Nyamwanji akainuka. Akaanza wimbo. Wanawake wakapokea, wanaume wakapokea, vumbi likapanda mpaka paa. Chilewa na Sechelela wakatolewa katikati, wakachezeshwa mpaka wakahema.

Je, walilewa? Togwa ilikuwa nyingi, matone machache. Wapo walioapa kwamba walilewa. Wapo walioapa kwamba ulikuwa wimbo tu. Mpaka leo wanabishana.

Chibago alikaa kwenye kinu, kata mkononi, mdomo wazi. "Miaka minne nauza," akasema. "Sijawahi kusikia mtu akiiimbia."

Ndahani akamsogelea. "Ng'ombe wangu yuko wapi?"

Chibago akainamisha kichwa. "Amekwenda mnadani, kaka. Siku ile ile. Amekwisha kuvuka milima."

Ndahani akakaa chini karibu yake. Hakumpiga, hakumtukana. Walikaa wawili hao kama watu waliopotea njia moja.

Mzee Lugoha alisikia. Ulimi ulikuwa umeanza kumrudia. Kesho yake akatuma mtamba mmoja mwekundu, na mjumbe akasema, "Mzee anasalimu. Anasema ng'ombe yule alitoka kwa sababu ya mdomo wake. Anasema huyu si mahari, wala si zawadi, ni aibu yake. Mfungeni zizini."

Mtamba hana maziwa. Ilibidi wangoje miaka miwili. Mbeleje akapika pombe, naye Ndahani akakaa kwenye jiwe, akasaga mtama, mwanamume mzima, mbele ya njia. Wapita njia wakamcheka. Siku ya kwanza mkewe hakumsemesha. Ya pili hakumsemesha. Siku ya tatu akasema, "Unasaga vibaya. Sogea nikuoneshe." Wakasaga pamoja.

Na Chibago? Mwezi uliofuata, njuga zikasikika tena. Watu wa Makulungu wakabaki majumbani. Basi akavuka mto. Akauza kibuyu kimoja. Mnajua nani alikinunua?
Nani?
Mzee Lugoha!

Amekitundika ukutani, kina ngozi ya chui. Dada yake akamuuliza, "Utakinywa?" Akasema, "Thubutu!" "Utakiuza?" "Hata kidogo." "Sasa cha nini?" Mzee akakitazama, akafikiri mpaka chakula kikapoa. "Dada yangu," akasema, "sijui. Lakini ni changu."

Hadithi yangu imefika mashapo. Mwenye kiu akakoroge, mwenye shibe akalale, na aliyeelewa anipitie kesho anieleze.