Asiyelia Mguse Sikio

Asiyelia mguse sikio. Ndiyo, sikio, mmesikia vizuri. Si bega wala mkono. Mlipoulizwa habari za mwenzenu Nambike, aliyejikalia peke yake pale ukutani, mkajibu kuwa hajambo kwa sababu hajasema kitu. Mlipoambiwa methali hii mkaangua kicheko. Haya, chekeni mmalize, kisha msikilize ilivyoanza.

Kule Makanya, tambarare ya Upare, aliishi mama mmoja jina lake Nakijwa. Alifuga mbuzi tangu usichana wake, na mbuzi mnamjua: akiona kiu kelele, akiona njaa kelele, akikanyagwa ukwato mtaa mzima utaambiwa. Kwa hiyo Nakijwa aliamini kwamba mwenye shida atasema. Yeye mwenyewe alisema sana, mdomo wake haukuwa na kufuli, ila moyo wake ulikuwa mweupe.

Mwanawe akaoa binti wa milimani Usangi, kwenye ukungu na migomba. Binti huyo, Naetwe, alikuwa ametulia kama maji ya mtungi. Alikuja na sungura wawili, dume na jike, alioachiwa na marehemu mama yake. Akakifunika kizimba chao kwa magunia pande zote, maana kwao ndivyo sungura anavyokingwa na baridi. Mume alipokwenda kazini kwenye mashamba ya mkonge, wakabaki wawili, huyu anasema, yule anaitikia, "Ndiyo, mama." Majirani wakanong'ona kuwa kimya kingi kina mshindo mkuu, mwali yule ana kiburi. Nakijwa hakusadiki, lakini ilimuuma kwamba mkwewe hamwambii kitu.

Kiangazi kikakaza, na sungura wakaanza kususa majani. Naetwe akauliza kwa sauti ndogo kama hawaumwi. Nakijwa akamtoa wasiwasi: wangekuwa na shida wangelia, mbona mbuzi hulia? Naetwe hakuuliza tena.

Mchana mmoja dume akakutwa amenyooka, amekufa bila kupiga hata ukelele. Naetwe akamzika nyuma ya nyumba, akarudi kwenye kinu. Nakijwa alipomwona anatwanga, macho makavu, moyo ukamchoma. Akaenda kizimbani mwenyewe. Jike lilikuwa na mimba; lilikuwa limejilaza miguu imenyooka, mbavu zinakwenda mbio, linatweta, na kimya kabisa. Akaingiza mkono alitoe, kiganja chake kikaangukia sikioni. Lilikuwa la moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi.

"Masikini, mwana wa wenyewe," akaliambia. "Unaungua, na husemi."

Akang'oa magunia yote, akaburuta kizimba hadi chini ya mwarobaini penye upepo, akachovya kanga yake majini na kuyafuta masikio yale, polepole, tena na tena, mpaka mbavu zikapunguza mbio na sungura akanywa maji. Naetwe alikuwa amesimama karibu, kashika ndoo. Nakijwa akainua uso kumwomba maji zaidi, akaliona tumbo lake, ambalo nalo lilikwisha kuwa kubwa. Akakumbuka chumba alichompa, kile kipya cha mabati alichojivunia kwa majirani, chenye kidirisha kimoja. Akanyanyuka, akamgusa sikio. Lilikuwa la moto vilevile.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Tangu mvua zilipoisha, mama. Usiku silali, na mchana kichwa kinazunguka."

"Mbona hukuniambia?"

Naetwe akainamisha kichwa. Shangazi zake walimuusia kwamba mwali halalamiki ukweni. "Na mimi sijui kulia mbele ya watu," akasema. "Hata mama alipofariki nilishindwa."

Nakijwa akamshika mkono. Akamkalisha kivulini, akavua kilemba chake, akakichovya, akamfuta masikio, shingo na uso. Hapo ndipo Naetwe alipolia, kilio cha mama yake na cha dume lake kwa pamoja, na Nakijwa akaendelea kumfuta tu. Kabla jua halijatua kitanda kilihamishiwa kwenye nyumba ya udongo ya Nakijwa mwenyewe, iliyoezekwa kwa nyasi. Walipokwenda zahanati wakaambiwa mtoto yu salama.

Sungura alizaa, na Naetwe naye akajifungua mtoto wa kike. Kila jua lilipopanda, Nakijwa alipita kugusa masikio: ya sungura, ya mkwewe, ya mjukuu. Majirani wakamtania kwamba mama wa mbuzi amekuwa mganga wa masikio. Naye akawajibu kuwa mbuzi wake walimdanganya miaka yote ile, wakamfanya adhani kila mwenye kuumia ana sauti.

Basi, hiyo ndiyo asili yake. Sasa nyanyukeni. Nambike bado yuko pale ukutani, na tangu asubuhi hakuna aliyemsogelea. Asiyelia mguse sikio.