Gari la Kwenda Kanisani

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Maana yake ni kwamba neno halizagai bure midomoni mwa watu. Lina mzizi mahali, hata kama mzizi wenyewe umefukiwa. Coral Venning, mwoka mikate wa mji wa Quorn, Australia Kusini, angekubishia. Kwake yeye, neno la muuza gari la kale lilikuwa uongo mpaka lithibitishwe, na safari hii aliona ameuzwa uongo mkongwe kuliko wote.

Gari lenyewe lilikuwa Holden ya mwaka 1964, rangi ya maziwa, paa la kijivu. Alilinunua kwa Clarrie Zwar, mzee wa miaka sabini na minane, katibu wa chama cha magari ya kale pale mjini tangu siku kilipoanzishwa. Mita ilisoma maili elfu thelathini na moja na mia nne.

"Lilikuwa la bibi mmoja," Clarrie alimwambia. "Aliliendesha kwenda kanisani tu, basi."

Merv, mume wa Coral, aliposikia hayo pale dukani nusura apaliwe na chai.

"Bibi wa kanisani! Mke wangu, na akili zako zote hizo? Kila gari bovu nchi hii lilikuwa la huyo bibi. Nashangaa alipata wapi muda wa kusali."

Wateja waliokuja kununua pai za nyama waliangua kicheko. Coral hakucheka. Alifunga duka mapema, akaenda uani, akang'oa mazulia ya gari moja baada ya jingine. Chini yake alikuta vumbi jekundu la kaskazini limeshindiliwa kila pembe kama unga ndani ya pishi. Mpira wa pedali ya klachi ulikuwa umelika hadi chuma kinang'aa. Springi za kiti cha dereva zilikuwa zimelala chali. Maili elfu thelathini haziwezi kula gari namna hiyo. Mtu ameirudisha nyuma mita, Coral alijiambia, na mtu huyo namjua.

Ulimi wake haukuwa na breki, na kalamu yake vivyo hivyo. Aliandika barua kwa mwenyekiti wa chama: Clarrie Zwar amechezea mita, afukuzwe. Kanuni ya chama ilikuwa wazi. Mwenye kuchezea mita hufutwa jina, naye hakanyagi tena mkutanoni hadi kufa kwake.

Mwenyekiti alimpigia simu. "Coral, huyu ni Clarrie. Hana mke, hana mtoto, ana chama hiki tu. Barua itasomwa Jumamosi. Kabla ya hapo niletee ushahidi, si hasira."

Kesho yake Clarrie mwenyewe aliingia dukani, kofia mkononi.

"Nimesikia."

"Umesikia vizuri."

"Gari nililinunua kwa Darryl Klemm wa Hawker. Nilikuambia nilichoambiwa, Coral, sikuongeza neno."

"Basi nitamuuliza Darryl."

"Muulize. Mkate wa shayiri nyeusi upo?"

"Umekwisha," alisema Coral, na mikate mitatu ilikuwa rafuni nyuma ya mgongo wake.

Siku ya Jumatano aliwasha Holden, akaenda Hawker. Alimkuta Darryl Klemm, mjenga nyua za waya, ameketi kwenye kreti akinoa koleo. Coral hakuzunguka mbuyu.

"Uliendesha gari hili maili ngapi?"

"Mimi? Nililitoa kwa mwenyewe mwaka 1981, nikaliingiza bandani, basi. Mke wangu alikataa kulipanda. Alisema linanuka kondoo."

"Likakaa miaka yote hiyo bure?"

"Bure vipi? Kuku walitaga humo miaka thelathini na zaidi. Walilipenda kweli, ila kwa maili hawakuongeza nyingi."

"Na mita ilisomaje ulipolichukua?"

"Hivyo hivyo, elfu thelathini na kitu. Lilikuwa la Hulda Noske, mpiga kinanda wa kanisa letu la Kilutheri. Alikuwa akiliendesha kuja kanisani tu."

Coral alisimama kama aliyemwagiwa maji. Kumbe bibi yupo! Ana jina, ana kanisa, ana kinanda. Hasira yote aliyokuja nayo ilimtoka, na mahali pake pakaingia kiu ya kujua. Alilitazama kanisa lile dogo la mawe ng'ambo ya barabara. Mji wa Hawker unaumaliza kwa miguu kabla chai haijapoa. Mtu anayeendesha kutoka nyumbani hadi pale, hata kwa maisha mawili, hawezi kukusanya maili elfu tatu. Sasa hizi elfu thelathini zilitoka wapi? Na klachi nani aliitafuna?

"Huyo Hulda alikufa lini?"

"Alikufa? Juzi tu kanigombeza kwa simu. Yuko Port Augusta, nyumba ya wazee. Macho ndiyo yamekufa, mdomo bado."

Alhamisi asubuhi Coral alikuwa Port Augusta. Hulda Noske, bibi wa miaka themanini na minane, mwembamba kama ufagio, alikuwa ameketi penye jua akipigapiga vidole juu ya goti kana kwamba goti ni kinanda.

"Umekuja kwa ajili ya gari," alisema. "Darryl kanieleza. Nawe unataka kucheka? Cheka, tumalize."

"Sijaja kucheka, Bibi. Nimekuja kuuliza. Kanisa lilikuwa umbali gani kutoka kwako?"

Vidole vilisimama.

"Rudia."

"Ulikuwa ukiishi wapi?"

"Mwanangu, nimewaambia watu nusu karne kwamba niliendesha kwenda kanisani tu, na wote hucheka. Wewe ndiwe wa kwanza kuniuliza hilo. Nilikuwa mpishi kwenye ranchi ya kondoo, kabla hujafika Beltana. Maili sabini na saba kwenda, sabini na saba kurudi, barabara ya vumbi na kokoto. Kila Jumapili, labda mvua ijaze vijito, njia ifungwe."

"Kila Jumapili? Kwa kinanda tu?"

"Unawajua Walutheri wa Hawker wewe? Bila kinanda wanalia kama ndama walioachishwa kunyonya."

"Na sokoni ulikwendaje?"

"Sokoni kufanya nini? Vyakula vililetwa na lori la ranchi. Nimesema kanisani tu. Unasikia kwa masikio au kwa magoti?"

Coral, aliyezoea kupiga hesabu ya unga kichwani, alianza kuhesabu. Maili mia moja hamsini na nne kila wiki. Miaka kumi na saba. Jibu lilipita laki moja na elfu thelathini. Mita ile ilikuwa na tarakimu tano tu!

"Bibi, ile mita iliwahi kurudi kwenye sufuri?"

Hulda alitabasamu kwa mara ya kwanza, akaashiria kabatini. Coral alitoa kitabu cha nyimbo chenye jalada lililochakaa. Ndani, kwa wino uliofifia, palikuwa pameandikwa: *Maili 100,000. Karibu na Parachilna. Jumapili ya tatu ya Majilio, 1977.*

"Nilisimamisha gari nizione zile sufuri tano," alisema Hulda. "Nikachelewa ibada. Mchungaji alininunia mpaka Krismasi."

Jumamosi ukumbi ulijaa. Clarrie alikuwa ameketi nyuma kabisa, funguo za ofisi ya chama mapajani, tayari kuzikabidhi. Mwenyekiti aliishika barua, lakini kabla hajaifungua Coral alisimama.

"Barua hiyo ni yangu, na ni ya kijinga. Clarrie hakugusa mita. Gari limekwenda maili laki moja na elfu thelathini na moja, mita ikazunguka yenyewe." Kisha akainua kitabu cha Hulda, akawasimulia yote. "Clarrie, nimekuvunjia heshima mbele ya mji mzima. Naomba radhi mbele ya mji mzima."

Clarrie aliinuka polepole.

"Acha nami niseme kweli, Coral. Ile habari ya bibi hata mimi sikuiamini. Niliisema kwa sababu niliambiwa."

"Kwa hiyo uliniuzia gari kwa hadithi usiyoiamini?"

"Nawe ukanishtaki kwa hadithi usiyoichunguza. Tumelingana."

"Na mimi niliyecheka?" aliuliza Merv kutoka mlangoni.

"Wewe utampelekea Bibi Hulda mkate kila wiki," alijibu Coral. "Ni maili ishirini na tano tu. Usithubutu kulalamika."

Watu wakacheka hadi machozi. Mwenyekiti aliichana barua vipande vipande, na Clarrie akazirudisha funguo mfukoni mwake. Bibi aliyechekwa nchi nzima alikuwa hai, na alikwenda kanisani tu, kama ilivyosemwa. Ama kweli, lisemwalo lipo.